Chagaik: miti ya Grumbley, ardhi ya nani?

Ukitoka mjini Kericho kwa barabara ya Nakuru, mwendo wa kama kilomita nane, majani chai yanakoma na miti inaanza. Si mikaratusi ya kuni za kiwandani. Ni miti ya kila namna, ya kwetu na ya ng'ambo, juu ya nyasi zinazoteremka hadi kwenye bwawa lenye yungiyungi, na kando yake mianzi imeshonana. Hapa ndipo Chagaik. Jumapili baada ya ibada, familia hutandika leso chini ya kivuli, chupa ya chai ya maziwa ikapita mkono kwa mkono. Maharusi huja kupiga picha. Vijana huja kukaa tu, na kukaa tu ni haja ya binadamu kama nyingine.

Mei 2024 ilipotangazwa kwamba Lipton inauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka, Kericho na Bomet zilichemka. Watu waliuliza juu ya ajira, juu ya mashine za kuchuma majani, juu ya hisa za wenyeji. Yalikuwa maswali ya haki. Lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza: na Chagaik, iliyomo ndani ya mashamba hayo, je?

Aliyeipanda anajulikana. Ni Tom Grumbley, mkulima wa chai, aliyeianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vitabu vya kuongoza watalii humpa sentensi moja, kisha vinasonga mbele kusifu nyasi. Mimi siwezi kusonga upesi hivyo, kwa sababu mti haupandwi hewani. Kabla ya miti ya Grumbley palikuwa na ardhi, na ardhi ya Kericho ina kisa chake.

Mwaka 1919, Vita vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliorudi na ulemavu kutoka vitani. Mradi huo ulifahamika kwa kifupisho chake, BEADOC. Wakipsigis waliokuwa wakilisha ng'ombe wao huku hawakuulizwa. Na maofisa wenyewe hawakuja kulima chai, walikuja kulima kitani. Wakati wa vita mbawa za ndege zilivikwa nguo ya kitani, na mapigano yalikuwa yamekata ugavi wa Urusi na Ubelgiji, hivyo bei ikapaa. Huko Uingereza hesabu ilionekana rahisi: mpe askari ardhi, mpe mbegu, atatajirika.

Hesabu ikamgeuka. Watu waliopoteza mikono na miguu walipewa kazi ya kufyeka msitu na kulima kwa maksai. Stesheni ya reli iliyokuwa karibu ilikuwa Lumbwa, ambayo leo tunaiita Kipkelion, na njia ya kufika huko ilikuwa tope tupu. Anayeijua mvua ya Kericho, inayoshuka alasiri karibu kila siku, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe, hahitaji kuelezwa magari ya maksai yalivyozama. Kisha mambo mawili yakaja pamoja: bei ya kitani ikaanguka, na serikali ikabadilisha kiwango cha rupia, hata aliyekopa akajikuta deni limevimba akiwa amelala. Katika miaka michache mradi ukafa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ardhi ile ingerudi kwa wenyewe. Haikurudi. Iliuzwa, na katikati ya miaka ya 1920 wakaingia Brooke Bond na James Finlay, wenye mtaji ambao maofisa wale hawakuwa nao. Udongo, mvua na baridi ya mwinuko vikaikubali chai. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Vizazi vyao bado vinadai haki: malalamiko yamefikishwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Yaliyofuata ni majina kubadilika langoni. Unilever waliichukua Brooke Bond mwaka 1984, mwaka 2022 biashara ya chai ikaenda kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, ikaitwa Lipton, kisha habari za Browns. Katika kupokezana huko kote kinachohesabiwa ni kilo za majani. Mti wa Grumbley hauna kilo.

Nairobi walijaliwa. Mwaka 1906 Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi bustani yake, na wakuu wa jiji walipotaka kuijenga mwaka 1991, mjukuu wake alisimama kuitetea na wananchi wakasimama naye. Bustani ipo hadi leo, na wahubiri na wabishi wa siasa wangali chini ya miti yake. Palikuwa na zawadi ya kutetea. Sisi tunaketi Chagaik kwa hisani, na hisani huondoka na mwenyewe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, ilifuta ukodishaji wa miaka 999 kwa wasio raia na kuweka kikomo cha miaka 99. Mashamba haya yote yamo ndani ya kikomo hicho. Serikali ya kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi zinapoketi kujadili mikataba na wenye kampuni, bwawa lile na miti ile vipimwe kivyake, vichorewe ramani kivyake, na hati iandikwe kwa jina la wakazi wa Kericho.