Machakos ipi? Historia fupi ya VLOOKUP na vichujio

Wasomaji wangu, leo tunaongea historia. Msiogope, fomula zipo.

Kutafuta mstari mmoja kwenye jedwali ni kazi ya zamani kuliko kompyuta. Karani alishusha kidole kwenye daftari mpaka akalifikia jina, kisha akasogea kulia kusoma tarakimu. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa ajili ya Apple II, ikiwa na amri ya LOOKUP. Frankston amesimulia kwamba aliiweka ili akokotoe kodi yake. Kodi hutozwa kwa ngazi, kwa hiyo ukikosa namba kamili unachukua ngazi ya chini iliyo karibu.

Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilikuwa na VLOOKUP, na Excel nayo ikawa nayo. Tabia ile ya ngazi bado imo: usipoandika FALSE mwishoni, unaweza kuletewa mstari usio wako bila onyo lolote. Excel 5 ya mwaka 1993 ikaleta AutoFilter, ule mshale mdogo juu ya safu. Unabonyeza, unachagua jina, mistari mingine inajificha. Mwaka 2019 Microsoft wakatangaza XLOOKUP, ambayo hutafuta jina kamili bila kuambiwa.

Sasa twende Ukambani. Chukua matokeo ya sensa za Kenya, yaweke kwenye jedwali moja, kisha chuja neno "Machakos". Utapata hivi:

1979: 1,022,522
1989: takriban milioni 1.4
1999: 906,644
2009: 1,098,584
2019: 1,421,932

Jamani, watu karibu nusu milioni walikwenda wapi kati ya 1989 na 1999? Hawakwenda popote. Mwaka 1992 wilaya ya Makueni ilikatwa kutoka Machakos. Jina lilibaki, mipaka ikabadilika. Fomula haikukosea hata kidogo: uliiomba jina, ikakupa jina.

Mimi ni mwandishi wa programu, na hili ndilo linalonikera. Kosa la #N/A linaonekana, utalirekebisha. Jibu safi lenye maana tofauti halionekani. Na hapa si mchezo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti mashuhuri kuhusu Machakos kati ya 1930 na 1990. Walionyesha kwamba watu waliongezeka sana, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua, kwa sababu wakulima walichimba matuta na kuitunza ardhi yao. Machakos yao ni ile ya zamani, pamoja na Makueni. Mwanafunzi akiendeleza hesabu yao kwa kichujio cha jina tu, atasema watu walipungua, na hoja nzima inageuka kichwa chini. Tena leo idadi ya watu ni kigezo kimojawapo cha kugawia kaunti fedha, kwa hiyo ulinganifu mbovu unaweza kupotosha mjadala wa pesa za watu.

Dawa ni rahisi. Ongeza safu moja, uiite "eneo_la_1989". Kwenye mistari ya Machakos na ya Makueni, andika humo "Machakos ya zamani". Halafu jumlisha kwa safu hiyo:

=SUMIFS(watu, eneo, "Machakos ya zamani", mwaka, 1999)

Utapata 1,678,189. Kwa 2009 ni 1,983,111, na kwa 2019 ni 2,409,585. Mstari unapanda bila shimo.

Kwa takwimu za kaunti pekee, tafuta kwa namba badala ya jina: Machakos ni 16, Makueni ni 17. Namba haichanganyi kaunti na mji wala na eneo bunge la Machakos Town. Lakini hata namba haijui historia. Hiyo lazima uiandike wewe kwenye safu yake, kabla hujabonyeza ule mshale.