Sitaha inayong'aa ndiyo inayoangusha watu

Kisa chenyewe kilianza na kopo la nta. Kwenye yadi moja ya boti kando ya mkono wa bahari pale Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, mwenye boti ya faiba ya kuwatembeza watalii alitaka sitaha yake ipigwe nta mpaka ing'ae sawasawa na ubavu. Fundi akagoma. Wiki hiyohiyo abiria aliyejipaka mafuta ya jua alikuwa ameteleza na kukaa kitako mbele ya wenzake, na fundi hakutaka aje alaumiwe kwa wa pili. Wakavutana, maji yakijaa, maji yakipwa, na boti imekaa juu ya magogo.

Fundi huyo amezeekea kwenye harufu ya resini, na ukikaa naye kivulini atakusimulia historia yote ya sitaha kwa mkato mmoja: watu wameziharibu kwa kuzipenda mno. Nilidhani anatia chumvi. Nilipokwenda kufukua habari zenyewe, nikakuta hajakosea sana.

Majahazi na mashua zetu hazikuwa na shida hiyo. Chini zilipakwa deheni, yaani chokaa na shahamu, juu zikapakwa sifa ya papa, na aliyekanyaga mbao alikanyaga peku. Unyayo mkavu juu ya ubao usiong'arishwa hauhitaji msaada. Waliojitafutia taabu ni wanamaji wa Ulaya na Marekani.

Kwenye manowari za Uingereza za zama za admirali Nelson, kabla ya vita mchanga ulimwagwa sitahani ili miguu isiteleze damu itakapomwagika. Mchanga uleule, asubuhi za amani, uligeuzwa silaha ya usafi. Mabaharia walipigishwa magoti alfajiri, maji yakamwagwa, wakasugua mbao kwa vipande vya jiwe laini la mchanga. Jiwe hilo waliliita jiwe takatifu. Yale makubwa yalipewa jina la biblia, na madogo ya kupenyeza kwenye pembe yakaitwa vitabu vya sala, inasemekana kwa kuwa aliyeyashika alikuwa amepiga magoti. Richard Henry Dana, kijana wa Boston aliyekwenda baharini mwaka 1834 akiwa baharia wa kawaida, aliandika jinsi mabaharia walivyotunga amri yao ya kejeli kuhusu siku ya mapumziko, ambayo ndani yake jiwe halikupumzika hata kidogo. Maofisa walitaka mbao nyeupe. Kwamba kila asubuhi unene wa sitaha ulipungua kidogo, hilo halikumkosesha mtu usingizi, maana bili haikuwa yake.

Bili ilifika Marekani. Tarehe 5 Machi 1931, wakati mdororo wa uchumi umekaba, wizara ya jeshi la majini ilitoa amri: mawe yanakula sitaha haraka kuliko bajeti inavyoweza kuzikarabati, kwa hiyo kuanzia sasa yatumike kuondoa madoa tu. Mbao zenyewe zilikuwa za msaji, ghali, zenye mafuta yake ya asili na nyuzi zinazoshika mguu hata zikilowa. Kisichojulikana na wengi, na hapa fundi wangu aliinua kidole, ni kwamba ukiusugua msaji kwa kufuata nyuzi unachimba zile laini na kuacha ngumu zimesimama kama matuta. Husuguliwa kwa kukatiza. Karne nzima ya magoti, na bado wapo wanaokosea upande.

Vyombo vidogo vilikuwa na dawa rahisi zaidi: turubai lililotandazwa juu ya mbao na kupakwa rangi, na mchanga ukanyunyizwa kabla rangi haijakauka. Mwaka 1935 Paul Sperry wa Connecticut, aliyewahi kuteleza akatumbukia baharini, alimtazama mbwa wake akikimbia juu ya barafu bila kuanguka, akachanja soli ya kiatu michirizi kama ya nyayo za mbwa yule. Viatu vyake vingali vinauzwa. Kwetu mambo ni kinyume: ukipanda boti ya watalii, kwanza unavua viatu na kuvitupa kapuni.

Kisha ikaja faiba. Ray Greene wa Toledo, Ohio, aliunda mashua ya faiba mwaka 1942. Mwaka 1959, kwenye maonyesho ya New York, binamu wawili wa ukoo wa Pearson walileta Triton, boti ya tanga ya futi 28, wakaondoka na oda 17. Tangu hapo mbao zikaanza kusukumwa pembeni.

Tofauti iko kwenye kalibu. Boti ya faiba huundwa kuanzia nje kwenda ndani: kalibu inapakwa nta, inapuliziwa jelikoti, yaani ngozi ya nje ya resini yenye rangi, unene wake kama nusu milimita, ndipo mikeka ya faiba na resini hufuata. Vialmasi, vile vinundu vidogo unavyovihisi chini ya mguu, vilichongwa kwenye kalibu, si kwenye boti. Kwa hiyo ile ngozi yenye ncha ndiyo yote uliyonayo. Ukiipiga msasa kwa hasira umeimaliza, na ukiijaza nta umefukia vifereji vilivyowekwa ili maji yapite na mguu ushike.

Fundi alinionyesha kwenye kifuniko cha omo. Alipitisha kiganja, kikatoka cheupe kama cha mwalimu aliyeshika chaki. Hiyo ni jelikoti iliyochomwa na jua. Akachukua brashi laini, sabuni ya kawaida na maji mengi, akasugua kwa kuzungusha ili nywele za brashi ziingie kila upande wa vialmasi. Maji yalitoka ya kijivu. Doa la kutu chini ya nguzo aliliacha kwa ajili ya asidi ya oksali. Siku ngozi ikiisha kabisa, anasema, kwanza unaosha nta yote kwa kiyeyusho, ndipo unagusa msasa. Ukitangulia msasa unaisindilia nta ndani na rangi itabanduka kama ganda la yai. Kisha rangi ya mikebe miwili inayochanganywa, na chembe za plastiki katikati ya makoti. Mchanga wa ufukweni haumpendezi: unazama kwenye rangi na unachubua magoti ya watoto.

Siku hizi kuna mikeka ya sponji ya kubandika. Anaiita mazulia, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwishowe walikubaliana: ubavu upigwe nta, na utepe wa karatasi ubandikwe kuzunguka kila sehemu ya kukanyagwa. Nilipoondoka, kijana wa boti alikuwa amepiga magoti, akikisugua kifuniko cha omo kwa kitambaa chenye nta, na fundi alikuwa amekwenda kula.