Mlima wa Kwenye Kalenda

Nilipokuwa mtoto huku Same, ukutani kwetu ilitundikwa kalenda yenye picha ya Mlima Kilimanjaro na tembo wakipita chini yake. Jambo moja lilinisumbua. Asubuhi zisizo na mawingu, tulipopanda milima ya Upare kutafuta kuni, tuliuona mlima wenyewe kwa mbali: Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Kwenye kalenda, Mawenzi kilikuwa kushoto.

"Baba, mchoraji amekosea," nikasema.

Baba akacheka. "Hakukosea, mwanangu. Yeye alisimama upande wa pili."

Upande huo ni wa kaskazini, kwenye mbuga za Amboseli, nchini Kenya. Tangu siku hiyo, kila nionapo picha ya mlima huu hujiuliza kwanza: aliyeichora alisimama wapi, na alimchorea nani?

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na msomi mmoja wa London akambishia. Maneno matupu hayakutosha. Mwaka 1898 Mjerumani Hans Meyer, aliyekwisha kufika kileleni mwaka 1889, alirudi akiwa na mchoraji, Ernst Platz, na michoro yake ikapamba kitabu cha Meyer cha mwaka 1900. Mwaka 1935 mlima ukaingia kwenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kisha, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini waliomfuata wakauweka Kilimanjaro nyuma ya tembo na twiga, kwa kuwa ndivyo watalii walivyopenda. Leo mlima uko kwenye chupa za bia, chupa za maji, fulana na mabango.

Siilaumu biashara hiyo; imesomesha watoto wa wengi. Lakini katika kuuzwa huko, vitu viwili vimepotoshwa. Kwanza watu: migomba ya Wachaga na mifereji yao haionekani, kana kwamba mlima ni wa tembo peke yao. Pili barafu. Wataalamu walipima wakakuta kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu ilitoweka. Kwenye picha za kuuza haijapungua hata kidogo.

Juzi mjukuu wangu alichora Kilimanjaro: tembo chini, theluji tele juu, Mawenzi kushoto. Aliiga picha ya dukani, naye ni mzaliwa wa hapa hapa! Kesho yake alfajiri nikampandisha mlimani na karatasi yake, nikamwambia achore anachokiona.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Babu, theluji nyingine imekwenda wapi?"

Tulishuka polepole, nikimweleza njia nzima.