Wafu wetu wako wapi? Mafundisho ya mwisho wa dunia katika Katanga

Tukitaja desturi za Katanga tunataja ndoa, ngoma, ufalme wa Bayeke, kupewa majina. Mafundisho ya mwisho wa dunia hatuyahesabu kati ya desturi, juu yalikuja na wageni. Lakini yalifika katika karne ya 19, na kitu kikikaa katika nyumba zaidi ya miaka 130 kinakuwa cha nyumba. Ingia ku kilio chochote cha Lubumbashi, Likasi ao Kamina. Mtoto mmoja wa marehemu anaomba misa, ndugu yake anasema misa haisaidie kitu, shemeji anasema marehemu analala tu mpaka Bwana Yesu arudi. Wote ni Wakristu, wote wanashika Biblia, na wote wanamlilia mutu mumoja. Napenda kueleza tofauti hii ilitoka wapi, na kwa nini sisi tuliipokea kwa nguvu vile.

Kwanza tuangalie ginsi wazee walivyofikiri mbele ya misioni. Kwao mutu akikufa haendi mbali. Anabaki na watu wake, anajulishwa mambo ya jamaa, anaweza kukasirika, anaweza kusaidia. Nyuma ya muda jina lake linarudi kwa mtoto, na mtoto yule nkambo wake anamwita mume wangu ao kaka yangu, kufuatana na jina. Si mchezo, ni heshima. Hukumu ilikuwako vilevile: mulozi, mwizi wa damu, hakuna mtoto anayepewa jina lake. Kusahauliwa, hiyo ndiyo ilikuwa jehanamu ya wazee. Lakini siku moja ambayo dunia yote inasimama, na wafu wote na wazima wote wanaitwa pamoja, hapana, hiyo hawakuwa nayo.

Mchungaji John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na filozofia za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba wakati wa Mwafrika unaelekea nyuma, kwa wafu, na kwamba wakati wa mbele ulio mrefu karibu haupo. Sisi waalimu tulisoma mawazo hayo na wengi waliyashika kama katekisimu. Minaona ya kwamba kwa upande wa wazee alikuwa na haki nyingi. Lakini historia ya Katanga inaonyesha jambo lingine pia. Watu walipoambiwa kwamba kesho kubwa inakuja, hawakushindwa kuielewa hata kidogo. Waliishika upesi kuliko mapadri na wamisionari walivyotaka.

Kati ya wa kwanza kuileta alikuwa Frederick Stanley Arnot, Mskoti, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi wa pili 1886. Nyuma yake akaja Dan Crawford, na nyuma ya kifo cha Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, Crawford akahamia Luanza kando ya ziwa Mweru, akatafsiri Biblia katika Kiluba cha Wasanga. Ndiyo mwanzo wa kanisa tunaloliita Garenganze. Watu hawa walitoka katika kundi la Ndugu, lililoanza Ireland na Uingereza katika miaka ya 1820 na 1830. Mwalimu mkubwa wa kundi hilo juu ya siku za mwisho alikuwa John Nelson Darby, aliyekufa 1882. Kweli, Ndugu waligawanyika 1848, na upande wa Arnot haukuwa upande wa Darby. Lakini mafundisho yake ya mwisho yalivuka ukuta ule na kuenea pande zote mbili.

Yanasema nini? Kwamba Bwana atakuja mara ya kwanza kwa siri na kuwanyakua walio wake, wazima na wafu, kuwapeleka hewani. Wanaobaki wataona dhiki kuu ya miaka saba. Kisha atashuka kwa wazi na kutawala hapa duniani miaka elfu. Unyakuo unaweza kuwa leo, mbele ya jua kuzama. Hakuna alama ya kungojea. Basi fikiri, ndugu msomaji: mutu anasikia hii mahubiri, anatazama mama yake mzazi aliyekufa mwaka jana bila kusikia jina la Yesu. Anauliza: na yeye? Jibu la Ndugu lilikuwa kavu: wokovu ni kwa kumwamini Kristu wakati mutu ni mzima, na nyuma ya kifo hakuna mlango unaofunguliwa tena. Katika Bunkeya waliobatizwa walikuwa wachache sana. Wengine wanasema ni juu ya kumwogopa Msiri. Mimi nafikiri na jibu lile lilikuwa na sehemu yake. Kuingia mbinguni bila bankambo ilionekana kama kuingia katika muji wa wageni.

Upande wa Tanganyika, Wapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Mpala 1885, na 1893 wakaanza Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba leo. Saa yao ilikuwa nyingine kabisa. Tangu Mtakatifu Augustino, karne ya 5, Kanisa Katoliki linafundisha kwamba miaka elfu ya kitabu cha Ufunuo si ya kungojea mbele, ni wakati huu wa Kanisa. Siku ya mwisho iko, lakini haina haraka. Hata muda wa kujitayarisha kwa ubatizo ulionyesha hivyo, Lavigerie alitaka miaka minne. Jambo la haraka lilikuwa kifo cha kila mutu, juu hukumu yake inakuja pale pale. Kwa hiyo katekista alifundishwa kumbatiza mutu aliye katika hatari ya kufa, na maji kidogo yalitosha.

Lakini Wakatoliki walileta kitu ambacho Ndugu walikikataa, toharani, na maombi kwa ajili ya marehemu. Tarehe 2 mwezi wa 11 watu wanaenda ku makaburi, wanasafisha, wanasali, wanataja majina. Mzee aliyesikia hayo alielewa bila kufasiriwa: kumbe hata kwa hawa wazungu mufu na muzima wanasaidiana! Mapadri walisema si mambo ya mizimu, na kwa mafundisho walikuwa na haki, juu katika misa ni muzima anayemwombea mufu kwa Mungu, hamtambikii. Hata hivyo mlango ulikuwa wazi kidogo, na watu walipita. Aliyebaki nje ni yule yule nkambo asiyebatizwa. Kwa yeye fundisho la kale lilikuwa gumu vilevile, mpaka Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipoandika, Novemba 1964, kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo wa kweli na kufuata dhamiri yake, anaweza kuokolewa. Miaka karibu 80 nyuma ya Mpala! Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Congo, aliyepewa upadri 1917, alikuwa amekwisha kufa.

Wengine niwapitie haraka. Wamethodisti wa John Springer na mke wake, wa Mulungwishi, walihubiri zaidi utakatifu wa maisha, shule na kazi, na tarehe za mwisho hawakuzishughulikia sana. Wapentekoste wa William Burton walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, 1915. Walikubali kurudi kwa Bwana karibu sawa na Ndugu, na kuongeza kwamba kunena kwa lugha na kuponywa ni alama kwamba siku zinakwisha. Waadventista, waliozaliwa katika mshangao wa tarehe 22 Oktoba 1844 huko Marekani, Kristu alipongojewa na hakuja, waliweka misioni na hospitali Songa. Wao wanafundisha kwamba mufu analala, hajui kitu, hayuko mbinguni wala motoni, mpaka ufufuko. Shemeji wa ku kilio tuliyemtaja juu, mara nyingi ametoka pale.

Sasa tufike ku jambo lililowatetemesha Wabeleji: Kitawala. Charles Taze Russell wa Marekani alifundisha kwamba mwaka wa 1914 ungekuwa mwisho wa nyakati za mataifa. Katika Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, Elliot Kamwana alihubiri neno hilo 1908 na 1909, akabatiza maelfu, akasema serikali ya wazungu na kodi yake vitakwisha. Waingereza wakamfukuza 1909. Mwaka wa 1914 ulileta vita, haukuleta ufalme, lakini mahubiri hayakufa. Yalipanda treni. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville 1910, Union Minière ikaanza kuyeyusha mukuba 1911, na wafanyakazi wa Nyasaland na Rhodesia wakaja na vitabu vyao katika sanduku.

Jina Kitawala limetokana na neno la Kiingereza la mnara, lililo katika jina la chama cha Russell. Lakini sikio la Kiswahili lilisikia kutawala. Hapo ndipo nguvu yake. Kwa Garenganze aliyeokoka anatoka duniani, kwa Katoliki roho inapanda polepole. Kitawala kilisema: dunia hii hii, udongo huu huu, utapewa watu wa Mungu, na anayetawala leo atashuka. Roho isiyokufa haipo, moto wa milele haupo, wafu watafufuka hapa hapa, utawaona. Mfanyakazi wa mgodi, aliye mbali na makaburi ya kwao, alisikia kwamba hatapanda kuwafuata bankambo, wao ndio watarudi kwake. Misioni, serikali na kampuni vilikuwa Babeli, vyote vitatu.

Tusikipambe lakini. Mwaka wa 1925 Tomo Nyirenda, mutu wa Nyasaland aliyejiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alihubiri katika Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka mpaka akaingia Katanga. Alifanya ubatizo kuwa kipimo cha ulozi. Waliodhaniwa walozi alikuwa akiwazamisha mpaka kufa. Walikufa watu zaidi ya 100, wengi wao wazee, wanaume na wanawake. Waingereza walimnyonga 1926. Hapa tunaona hatari ya kutaka kuleta siku ya mwisho kwa mkono: hukumu inaanza na jirani, na jirani mnyonge zaidi.

Serikali ya Katanga ilikataza Kitawala 1937, na katika 1949 katazo likawa la koloni zima. Wafuasi walitolewa kwao na kupelekwa mbali, mamia na mamia, wengine katika kambi ya Kasaji. Wabeleji walifikiri wanazima moto, kumbe walikuwa wanatawanya makaa, juu kila aliyehamishwa alihubiri kule alikopelekwa. Mwaka wa 1944, pande za Masisi na Lubutu, Bushiri Lungundu aliongoza Wakumu katika uasi, akawatangazia kwamba utawala mpya umefika, na jeshi likauzima kwa damu. Mwaka ule ule, mwezi wa 7, ofisi ya Roma inayolinda imani ilitoa neno kwamba fundisho la Kristu kutawala duniani kwa kuonekana mbele ya hukumu ya mwisho haliwezi kufundishwa kwa usalama. Mambo haya mawili hayakuhusiana, Roma haikuwa inawaza Lubutu. Lakini mwalimu wa historia anayaandika kando kando.

Na wakati huo wote, katika gereza la Elisabethville alikuwamo Simon Kimbangu. Alianza kazi yake Nkamba mwezi wa 4, 1921, akahukumiwa kifo mwezi wa 10, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na alikufia hapa kwetu tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake wanaita Nkamba Yerusalemu Mpya. Si mbinguni, si miaka elfu ijayo, ni mahali unapoweza kufika kwa miguu. Hilo nalo ni jibu juu ya mwisho.

Nyuma ya uhuru serikali ilijiingiza kwa namna yake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilipunguza makanisa yanayokubaliwa, na 1972 Mobutu akaondoa majina ya ubatizo. Maaskofu walilalamika. Mashahidi wa Yehova, ambao Kitawala kilijitenga nao zamani, walikatazwa 1986 na kurudishiwa haki 1993. Nao wafuasi wa Mmarekani William Branham, aliyekufa 1965, ni wengi katika miji yetu, ijapokuwa mwaka wa 1977, aliousema kuwa huenda ndio mwisho, ulipita na watu wakaenda ku kazi kama siku zote. Mimi sishangai. Anayefikiri kwamba tarehe ikipita imani inakufa hajafahamu. Watu hawakutafuta kalenda. Walitafuta kujua watakaa na nani, na nani atawaomba radhi kwa kodi, kwa kiboko, kwa mtoto aliyekufa kambini.

Kwa hiyo, wazee wa jamaa wanapopanga kilio siku hizi, kazi kubwa ni kugawanya usiku. Wakatoliki wanapewa jioni kwa rozari, kwaya ya Wamethodisti inafuata, pasta wa Garenganze anahubiri wazima tu, hamtaji marehemu katika maombi. Shahidi wa Yehova anasalimia, anatoa mchango wake, anakaa inje chini ya muti. Baba mukubwa akiulizwa nani ana haki, anajibu: "Mwanangu, mufu ni wetu wote, tumuzike kwanza." Na mtoto akizaliwa nyuma ya kilio, katika karibu nyumba zote ninazozijua, za kanisa lolote, anapewa jina lake.