Zege linalojiziba lenyewe

Mwenye nyumba akijaza tangi jipya la zege likaanza kutoka jasho, hufoka. Anataka plasta ibomolewe siku hiyohiyo. Sisi mafundi wa matangi hapa Tanga tukimwambia asubiri, anadhani tunamkimbia. Baada ya wiki kadhaa jasho linakauka, na penye ule ufa mwembamba pamebaki mstari mweupe, mgumu, usiobanduka kwa kucha.

Mstari ule ni chokaa. Ndani ya zege hubaki saruji ambayo haikupata maji siku ya kuchanganya. Maji yakipenya ufani, nayo inaganda. Chokaa iliyoyeyuka inakutana na hewa ukaa, inageuka jiwe. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ililitaja jambo hili tangu 1836. Ila ufa ukizidi milimita 0.2 hivi, usiutegemee.

Mapema miaka ya 1990, Carolyn Dry wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akaamua kulipa zege akiba yake: vijirija vya kioo vyenye gundi, vimezikwa humohumo. Ufa ukipita, kioo kinavunjika, gundi inamwagika palepale. Nilipolisoma hilo niliiwaza mashine ya zege. Kokoto zinavyogonga lile pipa, kioo gani kitatoka salama? Na kweli, hapo ndipo wataalamu wanaotengeneza vidonge vya gundi vya namna hii wanapohangaika: kidonge kiwe kigumu cha kuvumilia kuchanganywa na kushindiliwa, halafu kikubali kuvunjika ufa ukifika. Kisipokubali, ufa unakizunguka na kwenda zake.

Mwaka 2006 Henk Jonkers, mtaalamu wa vijidudu wa Delft, Uholanzi, aliacha gundi akachukua bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao hujifungia na kulala miaka mingi bila maji wala chakula. Alipowatia moja kwa moja kwenye zege walikufa katika miezi michache. Basi akawaficha ndani ya punje za udongo wa kuchoma, zenye vitundu, pamoja na kalsiamu lakteti, ndiyo posho yao. Maji yakiingia wanaamka, wanakula, wanatoa chokaa. Nyufa za hadi milimita 0.46 zikaziba. Tatizo ni kwamba punje hizo ni laini kuliko kokoto, ukizidisha zege linapungua nguvu. Hilo hata saidia fundi angemwambia.

Habari iliyonifurahisha zaidi ni ya 2023. Udongo wa kujengea wa Warumi umejaa mabonge meupe ya chokaa, na kwa miaka mingi wasomi waliyahesabu kuwa uzembe wa kuchanganya. Admir Masic wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na wenzake walichunguza ukuta wa Privernum, Italia, wakaona mabonge yale ndiyo akiba yenyewe. Wakatengeneza zege la namna hiyo kwa chokaa mbichi, isiyozimwa kwa maji, wakalipasua ufa wa milimita 0.5, wakapitisha maji. Ndani ya wiki mbili maji yakakatika. Lile lililochanganywa bila chokaa mbichi liliendelea kuvuja.