Si Mwendo Peke Yake Unaopindua Gari

Mazungumzo ya juma hili yanaanzia mtaani kwetu Chemchem, katika kiwanja cha wazi chenye mchanga. Vijana walipanga matairi chakavu sita katika mstari, na kila dereva alitakiwa kuyapita kwa kupinda kulia na kushoto, huku mwenzake akishika saa. Zawadi ilikuwa mbuzi. Tangazo la mashindano hayo nililisoma mimi mwenyewe redioni, tena kwa mbwembwe, na hilo ndilo linalonifanya nisikae kimya leo.

Mpwa wangu aliingia na gari dogo, lile lisilo na buti, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu. Ni gari la biashara. Ili lisiguse chini kwenye njia za vijijini, fundi alikuwa amelinyanyua kwa vipande vya chuma juu ya springi. Ndani walikaa watu wanne, na mmoja wao ni mtoto wa miaka 14. Tairi la kwanza alilipita vizuri, la pili vizuri, la tatu gari likaanza kuyumba. Kwenye la nne gurudumu la mbele lilizama mchangani, na gari likalala ubavu, kisha likakaa juu ya paa. Halikuwa na mwendo mkali. Mwendesha pikipiki angeweza kulipita.

Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Yule mtoto alivunjika mtulinga. Jioni dada yangu aliniuliza neno moja tu: "Kaka, wewe ndiye uliyewaita watu. Mbona hukuwaambia na hatari yake?" Sikuwa na jibu. Basi nikarudi kwenye historia, maana jambo hili si geni katika Afrika Mashariki.

Mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Wengi wetu tukisikia Safari tunafikiria magari makubwa yenye nguvu. Kumbe miaka ile ya mwanzo magari madogo ndiyo yaliyovuma. Volkswagen, ile tuliyoizoea kwa umbo la kobe, ilishinda mwaka 1953, ikarudia 1954, 1957 na 1962.

Lakini gari lile lilikuwa na ugonjwa wake. Ekseli yake ya nyuma iligawanyika, kila upande ukipanda na kushuka peke yake. Dereva akikata kona kwa kasi na kuachia mafuta ghafla, sehemu ya nyuma ya gari hunyanyuka, na gurudumu la nje hujikunja kuelekea chini ya gari. Gari likawa kama mtu aliyepinda kifundo cha mguu. Mfumo wa aina hiyo ndio uliolaumiwa na mwanasheria wa Marekani, Ralph Nader, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu usalama wa magari, alipoeleza habari za Chevrolet Corvair.

Halafu yuko Erik Carlsson wa Sweden, dereva wa Saab ndogo yenye injini ya silinda tatu isiyofikia hata lita moja. Kwao walimpa jina la utani lenye maana ya "Carlsson wa juu ya paa", kwa jinsi alivyozoea kupindua gari. Mwaka 1963 alikuwa akiongoza Safari, akagonga muhanga njiani na safari yake ikaishia hapo. Mwaka ule yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1964 alimaliza wa pili. Husimuliwa kwamba katika mashindano hayo gari lake lilinasa kwenye matope, na yeye na mwenzake wakalibiringisha kwa mikono, likapita juu ya paa lake mpaka mahali pakavu. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, akalibiringisha tena mbele yao.

Watu hucheka wakisikia kisa hicho, nami nilicheka. Siku hizi nakisoma vingine. Kama watu wawili wanaweza kulibiringisha gari dogo kwa mikono, kona na mchanga vitashindwaje?

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni sentimita 140. Nusu yake ni 70. Tuseme kitovu cha uzito wa gari kiko sentimita 55 kutoka ardhini. Ukigawa 70 kwa 55 unapata 1.27. Maana yake, nguvu ya kulisukuma gari pembeni lazima izidi uzito wa gari lenyewe kwa zaidi ya robo ndipo lipinduke. Tairi la kawaida kwenye lami kavu halishiki kiasi hicho, litateleza kwanza. Sasa nyanyua springi, jaza abiria, funga mzigo juu ya paa, na kitovu kifike sentimita 65. Gawa tena: unapata 1.08. Akiba yako karibu imekwisha.

Na hiyo ni kwenye lami. Kwenye mchanga wa Tabora tairi linaloteleza pembeni hulima, likajijengea tuta, na tuta likawa kisiki cha kujikwaa. Tairi lenye upepo mdogo huweza hata kutoka kwenye rimu, na rimu ikachimba ardhi. Zaidi ya hayo, kupinda kulia na kushoto mfululizo hulitia gari mtikisiko, na kila mpindo huongezea ule uliotangulia. Wazee wetu wapagazi, waliopita hapa wakielekea Ujiji au pwani, walilijua hilo. Mzigo wa mzegazega, unaoning'inia kwenye mti mabegani mwa watu wawili, ukianza kuyumba, hupunguzi hatua kwa kushindana nao, unasimama utulie.

Wala asidhani mtu kwamba hii ni aibu ya mafundi wetu tu. Oktoba 1997, mwandishi wa gazeti la magari la Sweden, Robert Collin, alijaribu Mercedes mpya ndogo, A-Class, kwa kukwepa ghafla kama mtu anayekwepa mnyama barabarani. Gari lilipinduka. Kampuni kubwa kama ile ilisimamisha kupeleka magari kwa wateja, ikarekebisha springi na kuweka chombo cha kudhibiti utelezi katika kila gari la aina hiyo. Gari lilikuwa dogo lakini refu kwenda juu, kama haya yetu tunayoyanyanyua.

Sisemi vijana waache mchezo. Bert Shankland wa Dar es Salaam alituletea ushindi wa Safari mwaka 1966 na 1967, na mimi ningependa mwingine atoke Tabora. Nasema gari la mashindano lishushwe, lisipandishwe. Liwe na dereva peke yake, amefunga mkanda na kuvaa kofia ngumu, na ndani kuwe na fremu ya mabomba ya chuma. Tairi lijazwe upepo wa kutosha. Uwanja ushindiliwe, na watazamaji wakae mbali na kona.

Juzi mpwa wangu alikuja na karatasi mkononi. "Mjomba, tunarudia mwezi ujao. Utatusomea tangazo?" Nikamwambia aniletee kwanza gari nilipime urefu. Bado namsubiri.