Mantiki ya Utusitusi na Utawala wa Mashine

Tangu zama za Aristotle, mantiki ya Magharibi ilisimama juu ya nguzo mbili: kauli ama ni kweli, ama si kweli. Kompyuta zilirithi msingi huo, kwani hesabu zake ni za 0 na 1. Lugha ya binadamu, hata hivyo, haikuukubali kamwe. Mswahili asemapo kwamba maji yana moto kidogo, au mzigo ni mzito kiasi, hana mpaka wa tarakimu akilini mwake, na bado huelewekа.

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani, alichapisha makala juu ya seti zisizo na mipaka mikali, ambamo kitu chaweza kuwamo kwa kiwango chochote baina ya 0 na 1. Wataalamu wengi hawakuridhika. Mwaka 1972 Rudolf Kalman, bingwa wa nadharia ya udhibiti, alimkosoa vikali, akiona kuwa huko ni kulegeza masharti ya sayansi.

Jibu lilitoka maabarani. Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1942 katika nchi iitwayo leo Tanzania, alikuwa mhandisi katika Queen Mary College, London. Yeye na mwanafunzi wake Assilian waliiongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno: shinikizo likiwa chini sana na halipandi, moto na uongezwe sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975: injini ilitii. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza safari kwa njia hiyo.

Baadaye watafiti waliliingiza wazo hilo katika mfumo endeshi wa kompyuta, ambao huamua programu ipi ihudumiwe kwanza. Mpaka mkali huleta dhuluma: kazi fupi ikifasiriwa kuwa ya chini ya sekunde 1, ile ya sekunde 1.01 husukumwa nyuma. Kwa mantiki ya utusitusi, kazi hiyo ni fupi kwa kiasi na ndefu kwa kiasi. Muda iliongoja nao hupimwa, ndipo zamu ipangwe. Lakini upimaji wenyewe hula wakati ule ule unaogawanywa. Kwa hiyo mifumo iliyoenea imeendelea kutegemea hesabu nyepesi zaidi.

Hata hivyo, historia hii yathibitisha jambo moja: maneno kama "kidogo" na "kiasi" si udhaifu wa lugha, bali ni vipimo ambavyo sayansi ilichelewa kuvitambua.